Hewa Kwenye Stelingi ya Mabula

Wiki iliyopita nilipeleka gari langu kwa fundi, stelingi ilikuwa ngumu na ikilia kila nilipokata kona. Fundi mwenyewe kijana, spika za simu zimemjaa masikioni. Akabadilisha pampu na mpira wake, akafungua kifuniko cha kichupa cha oili, akaanza kumimina ile oili nyekundu, na harufu yake ikanijia yote kwa mpigo. Ina utamu fulani wa mbali, kama sukari iliyoungua jikoni kwa jirani, na chini ya utamu huo kuna chuma. Nikajikuta nimeshika mlango wa gari. Fundi akachomoa spika moja, akaniuliza, "Vipi dada, kizunguzungu?" Nikamjibu kwamba ni jua. Ningemwambia nini? Kwamba kulikuwa na mtu aliyenuka hivi hivi, na nilimchukia kwa moyo wangu wote?

Wakati huo tulikuwa tunakaa Mtua, upande wa Nachingwea, mimi na mama peke yetu. Baba aliyenizaa alifariki kabla sijaweza kuishika sura yake. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili, uwanja wake umefagiliwa mpaka unang'aa, mikorosho nyuma, na jiwe la kunolea visu ambalo mimi nililifanya kiti changu cha enzi. Mama alilima mbaazi na ufuta. Jioni tulichemsha ming'oko, vile viazi vya porini, tukaimenya na kuila ya moto na chumvi, vidole vinaungua na tunacheka. Nilidhani maisha yote ya duniani yako hivyo, mtu na mama yake na sufuria ya ming'oko, wala sikuona kilichopungua.

Halafu akaja Mabula. Ndiyo kwanza Wasukuma walikuwa wanaanza kuingia kwetu na ng'ombe wao, na watu walikuwa wakiwatazama kwa mashaka, hasa wenye mashamba yasiyo na uzio. Mabula alikuwa na ng'ombe wachache waliokaa pamoja na wa kaka yake, na alikuwa na pikapu kuukuu ambayo kwayo alisomba mazao ya watu. Msimu mmoja alibeba magunia ya mbaazi ya mama mpaka ghalani. Msimu ukaisha, mbaazi zikaisha, yeye akaendelea kupita kwetu, bila gunia la kubeba. Alikuwa mrefu, mwenye koti zito lililomganda mwilini hata jua likiwaka vipi, na alikuwa akiinama kuingia mlangoni kwetu kama mtu anayeomba radhi. Majirani walimwita Msukuma. Yeye mimi aliniita mayu, maana kwao mtoto wa kike na bibi kizee wote ni mayu, kwa heshima. Nilichukia hilo jina. Nilichukia koti lake, na ile harufu ya oili na ng'ombe aliyotuachia ndani kila akiondoka.

Alipomwoa mama, sikulia. Niliamua tu kunyamaza, na nilikuwa hodari wa kunyamaza kuliko watoto wote wa Mtua. Aliponiletea pipi nilizipokea kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa, kisha nikampa Somoe, mtoto wa jirani, ambaye naye alizila huku akinipasha habari.

"Hao wakishaoa wanahama," Somoe aliniambia siku moja, pipi imemvimbisha shavu. "Wanamfuata ng'ombe. Mama'ako atapakiwa kwenye ile pikapu, haooo, mpaka ziwani."

"Na mimi je?"

"Wewe si una mjomba wako? Utapelekwa kwa mjomba."

Wa huku kwetu wanaelewa kwa nini maneno yale yalinikata maini. Kwetu sisi Wamwera mtoto ni wa upande wa mama, na mwenye kauli ni mjomba. Mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, alikuwa akiishi Nandagala, wilaya ya Ruangwa. Nilimpenda na nilimwogopa, kwa kiasi kinacholingana. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya kuita watu walioko bonde la pili, na akisema jambo, jambo hilo limekwisha. Siyo wiki nyingi baada ya maneno ya Somoe, ukaja ujumbe kutoka kwake kupitia mnunuzi wa ufuta. Nilikuwa ukumbini, nikasikia mwenyewe: mjomba anasema mtoto aletwe Nandagala, yeye na huyo mtu aliyemwoa mama yake.

Mimi nilisikia mtoto aletwe. Hayo mengine yalipita.

Jioni ile Mabula alikaa na mama uwanjani, akawa anachora chora chini kwa kijiti. "Hili jambo la mtoto tulimalize," akasema. "Gari likikaa sawa, tunakwenda. Siwezi kulala na neno kama hili juu yangu." Mama akaendelea kuchambua kisamvu ambacho alikuwa ameshakichambua. Basi nikajua. Gari likikaa sawa, mimi nitaachwa kwa mjomba, na mama yangu atapakiwa haooo mpaka ziwani. Kilichobaki kati yangu na siku hiyo kilikuwa kitu kimoja tu, ubovu wa ile pikapu.

Na pikapu ilikuwa mbovu kweli, Mungu aibariki. Pampu ya stelingi ilikuwa imekufa, na usukani umekuwa mzito kiasi kwamba Mabula, mtu aliyeweza kumwangusha dume kwa pembe, alikuwa akikata kona anasimama kwenye kiti. Alipata pampu nyingine na mpira mpya, akaja na fundi kutoka Nachingwea mjini, wakafunga mchana kutwa. Fundi akaitwa kwenye lori lililokwama, akaondoka huku anatoa maagizo kwa mkono. Ndani mle kumeingia hewa, akasema, lazima itolewe. Inueni matairi ya mbele, injini izimwe, mzungushe usukani kushoto na kulia pole pole, mkiongeza oili inaposhuka. Viputo vikiisha, mmemaliza.

Mabula alikuwa na haraka. Fundi hajafika hata kwenye mnazi wa msikiti, yeye akaingia garini, akawasha injini na kuuvurumisha usukani huku na huku. Sitasahau mlio ule. Gari liliguna, likalia, kama ng'ombe anayezaa kwa shida, kuku wote wakakimbilia nyuma ya nyumba. Nilifurahi mno. Mabula akazima, akafungua boneti, na ile oili nyekundu ilikuwa imegeuka povu la rangi ya waridi, limefurika na linachuruzika. Akasimama analitazama, akavua kofia na kuivaa tena.

"Limekufa?" nikamuuliza. Nadhani ndilo swali la kwanza nililowahi kumuuliza kwa hiari yangu.

"Halijafa. Limekasirika," akasema. "Mimi nimelipeleka kwa pupa."

Ikabidi aliache lipumzike mpaka povu litulie. Kesho yake jua limepanda kidogo akainua matairi ya mbele kwa jeki, akaweka magogo chini yake, akaja mpaka kwenye jiwe langu la enzi.

"Mayu, njoo unisaidie. Mimi nitakuwa huku natazama oili, wewe uzungushe. Kushoto mpaka iguse, halafu kulia mpaka iguse. Ikigusa usilazimishe."

"Haraka au pole pole?"

"Pole pole."

Hapo nikaona mlango umenifungukia. Kama ni pole pole, basi nitazungusha pole pole ambayo hajawahi kuiona. Nikapiga magoti kwenye kile kiti chenye sponji lililotoka nje, nikaushika usukani uliolainika kwa jasho la watu nisiowajua, nikaanza. Niliuzungusha kama mtu anayemsogeza mtoto aliyelala. Nilifika kushoto, nikapumzika, nikatazama mikorosho, nikaanza safari ya kulia. Nilitaka kazi ile idumu mpaka mvua zinyeshe na barabara ya Ruangwa ifungwe. Kutoka nyuma ya boneti nilikuwa naisikia sauti yake.

"Bado... bado vinakuja. Hicho kikubwa. Bado."

Kila aliposema bado, moyo wangu ulicheza. Mama alipita na ndoo kichwani, akatutazama, mimi garini na Mabula ameinamia injini kama anayesoma, na akatabasamu kidogo, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu ujumbe ule uje. Mabula aliongeza oili, ile harufu ya sukari iliyoungua ikanijia kwenye kiti, na jua likawa linanichoma upande mmoja wa uso. Nakumbuka vyote hivi kwa raha sasa. Ningepewa kurudi kwenye asubuhi moja ya utoto wangu ningechagua ile, ingawa wakati huo nilidhani napigana vita.

Halafu Mabula akanyamaza. Nikazungusha kushoto, kimya. Nikazungusha kulia, kimya.

"Bado?" nikauliza.

"Vimeisha." Akatokeza kichwa chake, uso wote meno. "Vyote vimeisha! Oili imetulia kama maji ya mtungini." Akaja akawasha injini, akaugusa usukani kwa mkono mmoja, nao ukazunguka bila kulia, laini, kimya. "Mayu, una mkono wa kazi hii. Fundi alisema pole pole nikamwona anaongea tu. Mimi peke yangu ningeiharibu tena."

Kumbe ule uvivu niliouweka kwa makusudi ndio dawa yenyewe. Gari nililokuwa nalizuia lisiende nilikuwa nimelitengeneza kwa mikono yangu. Nikaangua kilio pale pale kitini. Mabula akadhani mikono inaniuma. Akaishika, akaitazama viganja, akavipuliza kimoja kimoja kama mtu anayepoza uji. Nilimchukia kwa upole wake ule kuliko nilivyowahi kumchukia kwa jambo lolote.

Jioni mama alinifungia nguo zangu kwenye mfuko. Aliweka gauni la sikukuu, akaweka kanga yangu ndogo, halafu akaweka sare ya shule. Ile sare ndiyo iliyonimaliza. Mtu anayekwenda kusalimia habebi sare. Nilimtazama mama, macho yake mekundu.

"Moshi," akasema.

Moto ulikuwa haujawashwa.

Miaka mingi baadaye aliniambia kwamba kweli hakujua mjomba angeamua nini. Kaka yake alikuwa na haki ya kunibakiza, na kama angesema mtoto wa ukoo halelewi na mtu tusiyemjua, yeye asingekuwa na la kujibu. Kwa hiyo alifunga sare, asije akalazimika kuituma, na akaiombea irudi. Mimi usiku ule nilijua tu kwamba mama yangu amekubali.

Asubuhi nikatoka nje nikakuta ng'ombe kwenye pikapu. Mtamba mweupe mwenye mabaka, ana mimba, amefungwa kamba na kuegemezwa magunia. Mabula alikuwa amevaa suruali yake ya sikukuu na shati lililopigwa pasi. Sikuhitaji maelezo ya mtu. Somoe alikuwa ameshasema, wanahama na ng'ombe. Alikuwa amesimama uwanjani kwao, hatafuni kitu, akanipungia mkono kwa huzuni ya kweli kabisa.

Siku hizi ile njia ya Nachingwea kwenda Ruangwa unaiteleza huku umesinzia. Wakati ule ilikuwa vumbi na makorongo, na ukikutana na lori unafunga macho na kuomba. Tulikaa watatu mbele, mimi katikati, magoti yangu yakiigonga gia. Ufuta ulikuwa umekatwa na kusimamishwa mafungu mafungu mashambani, mikorosho imetoa maua, na harufu ya maua yale iliingia dirishani ikachanganyika na ya ng'ombe. Mabula alikuwa na raha ya mtoto.

"Ona! Kidole kimoja!" akasema kwenye kona, anauzungusha usukani kwa kidole cha shahada. "Kazi ya mayu hiyo!"

Mama hakucheka. Mimi nilijibana kwenye bega lake, nikawa nainusa kanga yake ili niikariri.

Nandagala tulikuta watu wamejaa. Mjomba ametandika mikeka barazani, wazee wawili watatu wako pembeni yake, na wake za ndugu wamesimama mlangoni. Watoto wote wa mtaa walikuwa wameshaizunguka pikapu kumtazama ng'ombe. Tukapiga magoti mimi na mama, tukaamkia. Mabula naye akaamkia, akakaribishwa, hakukaa.

Mjomba akanyoosha kidevu kuelekea gari. "Ng'ombe wa nini?"

Mabula akavua kofia. Alikuwa ameyapanga maneno yake, nilisikia yanavyofuatana. "Mzee wangu, uliposema mtoto aletwe nilielewa. Kwetu, ukimkuta mama ana mtoto, na wewe unamtaka awe wako, huchukui tu kama mwizi. Unapeleka ng'ombe kwa wajomba zake. Mimi sina wengi. Nimeleta huyu, ana mimba, kwa hiyo ni wawili. Naomba huyu mtoto."

Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti, na maneno yale yakanipita juu kwa juu. Nilisikia yanasema naomba huyu mtoto, nikadhani sijasikia vizuri.

Mjomba akainuka. Akaenda mpaka kwenye gari, akamshika ng'ombe sikio, akamtazama tumbo, akarudi. Uso wake ulikuwa umebadilika, na aliposema hakusema Kiswahili, maana Kiswahili chake kilikuwa cha kuazima na hasira haikumruhusu kukitafuta. Alisema Kimwera, kwa ile sauti ya bonde la pili, akimwambia mama na wazee, huku Mabula amesimama katikati na kofia yake, haelewi hata neno.

"Huyu mtu wako ananiletea ng'ombe anunue naye nini?" mjomba akafoka. "Toka lini tumeuza watu hapa? Mtoto ni wetu. Akikaa Mtua ni wetu, akipelekwa ziwani ni wetu, akioga akitakata ni wetu. Mimi nilitaka kumwona usoni mtu anayelala nyumba moja na mtoto wa dada yangu. Nimemwona. Basi! Anataka kumlea, amlee, nani amemkataza? Na huyo ng'ombe amrudishe. Atamlea na nini mtoto, kama ng'ombe wa maziwa amemwacha kwangu?"

Wazee wakacheka. Mama akajifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika, akageuka kumwambia mumewe, lakini mke wa mjomba alikuwa ameshamdaka mkono anamvuta jikoni kwa vigelegele. Mjomba akamgeukia Mabula na kile Kiswahili chake kidogo. "Wewe. Ng'ombe rudisha," akasema, bado amekunja uso, na akaenda nyuma ya nyumba kukamata kuku.

Mimi nilibaki pale pale kwenye mkeka, nayapanga upya mambo yote kichwani, moja moja, na hakuna hata moja lililokaa mahali nilipokuwa nimeliweka. Nilipoinua macho, Mabula hakuwepo barazani.

Nilimkuta kwenye gari. Watoto amewafukuza. Alikuwa ameuteremsha mfuko wangu wa nguo, anaukung'uta vumbi kwa mkono wa shati lake jeupe, taratibu, pande zote, na alipoona vumbi limeisha aliendelea kukung'uta. Kwao, ng'ombe akirudishwa, mtu amenyimwa. Hapo hakuna mjadala.

"Mayu," akasema, hanitazami. "Nguo zako hizi. Sare iko chini, isije ikakunjika. Mimi nitakuwa nakuja. Gari sasa ni zima, nitakuja kila..." Akaishia hapo. Akaanza tena kuukung'uta mfuko.

Sikuwahi kumwona mtu mzima akiwa hivyo kwa ajili yangu. Ikaniuma, na nilishangaa kwamba inaniuma.

"Mjomba amesema nikae na nyie," nikasema.

"Amesema nirudishe ng'ombe, mayu. Nimesikia mwenyewe."

"Ndiyo. Amesema sisi hatuuzi watu. Amesema ukitaka kunilea, unilee, nani amekukataza. Anakukamatia kuku, sikiliza." Nyuma ya nyumba kuku alikuwa analia, na mjomba anamtukana.

Mabula akanitazama. "Bure?"

"Bure. Amesema, huyu mtu atamlea na nini mtoto, kama ng'ombe wa maziwa amemwacha kwangu?"

Alikaa chini pale pale vumbini, mtu mzima na suruali yake ya sikukuu, mgongo kwenye tairi, mfuko wangu mapajani.

"Rudia," akasema.

"Amesema, huyu mtu atamlea na nini mtoto, kama ng'ombe wa maziwa amemwacha kwangu?"

Akafuta uso kwa kofia. Machozi yalikuwa yanashuka na hakuwa anayaficha. "Rudia tena, mayu. Pole pole."

Nikachuchumaa mbele yake, nikarudia pole pole.

"Amesema, baba atanilea na nini, kama ng'ombe wa maziwa amemwacha kwake?"

Hakuniambia nirudie tena.